Uzi: Kuchagua meli na chumba, kwa wanaosafiri majini mara kwa mara

Ngamani (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, kila mwezi mtu huuliza hapa "meli gani nzuri?" na majibu huwa picha za mabwawa ya kuogelea. Huu tuuweke kwa wanaoijua kazi: chumba kiko wapi, meli ina nafasi kiasi gani, nini huharibika na kwa nini, pamoja na yale yanayotuhusu sisi tunaoanzia Entebbe au Mutukula, mpakani mwa Uganda na Tanzania. Habari za fungate zina uzi wake.

Naanza na mahali chumba kilipo, maana hapo ndipo pesa nyingi hupotelea. Waswahili husema kwenda tezi (nyuma ya chombo) na omo (mbele yake), marejeo ni ngamani (tumboni mwake). Walikuwa na maana yao, lakini kwa abiria wa meli maneno hayo ni ya kweli hata ukiyachukua yalivyo. Meli huenda mrama kwa namna mbili. Kwanza omo hupanda na tezi hushuka, kisha kinyume chake. Pili, chombo hulala ubavu huu na huu. Ukiwa katikati ya urefu wa meli, kule kupanda na kushuka hukusikii sana. Ukiwa sitaha (ghorofa za meli) za chini, kule kulala ubavu hakukutupi mbali. Meli kubwa zina mapezi ya chuma yanayotokezwa chini ya maji pande zote mbili, nayo hupunguza sana mrama wa ubavuni, ila omo inapopanda wimbi hayasaidii kitu. Ndiyo maana chumba cha omo kabisa, sitaha ya juu, hutikisika kuliko vingine hata kikiwa na bei ya kifalme.

Baada ya hapo tazama ramani ya sitaha. Kampuni zote huiweka kwenye tovuti zao. Usiangalie sitaha yako peke yake: fungua ya juu yako na ya chini yako, uzipange sambamba. Chumba kizuri ni kile chenye vyumba vya kulala juu yake na vyumba vya kulala chini yake. Ukilala chini ya bwawa au bufee, saa kumi na moja alfajiri utasikia viti vikiburutwa. Ukilala juu ya ukumbi wa muziki, besi itakupanda mgongoni hadi usiku wa manane. Sehemu nyeupe zisizoandikwa kitu kwenye ramani ndizo za kuogopa zaidi: mara nyingi ni stoo, jiko dogo la wahudumu au njia ya vitoroli, na kelele yake haina ratiba.

Omo ya chini ina mnyororo wa nanga na mashine za kusukuma meli pembeni, ambazo hufanya kazi wakati wa kuingia bandarini, yaani alfajiri ukiwa usingizini. Tezi ya chini ina rafadha, yaani mapanga yanayosukuma meli, na mtetemo wake. Epuka pia chumba chenye mlango wa kuunganisha na cha jirani. Mlango huo ni mwembamba kuliko ukuta, na utamjua jirani kwa kikohozi chake.

Nnyabo_wa_Jinja

Asante sana mzee. Swali: je, roshani ina thamani ya pesa yake, au chumba cha ndani kinatosha? Safari ni ya siku saba, watu wawili.

SitahaYaTisa

Nnyabo, inategemea meli inapita wapi na utakuwa chumbani saa ngapi. Chumba cha ndani kwa kawaida kina mita za mraba 14 hadi 17. Hakina dirisha, na taa ikizimwa ni giza totoro. Wapo wanaokipenda kwa hilo hilo, maana usingizi wa mchana ni mzito humo. Tatizo ni kwamba hujui kumekucha au la, hivyo acha runinga kwenye chaneli ya kamera ya omo bila sauti. Inakuwa dirisha lako.

Chumba cha dirisha kina mtego mmoja. Katikati ya meli mara nyingi ndiko mashua za uokoaji zilikotundikwa, na utalipia dirisha ukaangalia tumbo la mashua ya rangi ya machungwa. Kwenye orodha huandikwa kwamba mandhari yamezibwa. Kama bei imeshuka sana na wewe unataka mwanga tu, chukua. Kama unataka bahari, acha.

Roshani inalipa kwenye njia zenye nchi kavu karibu: Norwe, Alaska, visiwa vya Ugiriki. Kwenye njia ya siku nyingi baharini bila kuona ardhi, au msimu wa baridi, utaifungua mara tatu. Na mkumbuke kitu ambacho wengi hulalamikia bila kujua sababu: ukiacha mlango wa roshani wazi, kiyoyozi cha chumba hujizima au hewa ya joto huingia na kutoa majimaji ukutani. Watu hupiga simu mapokezi kuripoti ubovu, kumbe mlango.

Kuna pia vyumba vinavyotazama ndani ya meli. Kampuni ya Royal Caribbean iliviweka kwenye Voyager of the Seas mwaka 1999, dirisha likitazama barabara ya maduka iliyo katikati ya meli. Ni vya kufurahisha kwa wenye watoto, lakini pazia huwezi kuliacha wazi, kwa sababu watu wa chini wanakuona.

Rubaga_Juu

Mimi nasema tusibabaike: meli kubwa ndiyo meli. Icon of the Seas ina sitaha 20, urefu karibu mita 365. Unapata kila kitu, na ukubwa wenyewe hutuliza mawimbi. Kwa nini mtu alipe kwenda kubanwa kwenye kijimeli?

Ngamani

Ssebo, ukubwa si nafasi. Kuna hesabu moja ya haraka: chukua tani za ujazo za meli (hizi hupima nafasi iliyofungwa ndani, wala si uzito), ugawe kwa idadi ya abiria wakiwa wawili wawili kila chumba. Icon, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina tani 248,663 na abiria 5,610 kwa hesabu hiyo. Jibu ni 44 na kitu. Queen Mary 2 ina tani karibu 149,000 na abiria karibu 2,700. Jibu ni 55. Meli ndogo kwa urefu, lakini kila mtu ana nafasi zaidi. Ikiwa chini ya 35, jiandae kwa foleni za lifti na bufee. Icon ikijaa kabisa, vitanda vya tatu na vya nne vikitumika, hufikia abiria 7,600, kwa hiyo wakati wa likizo za shule za Marekani hiyo 44 unaisahau.

Kuhusu mawimbi, ukubwa unasaidia, lakini umbo linasaidia zaidi. Queen Mary 2 ilijengwa kwa ajili ya kuvuka Atlantiki: omo ndefu iliyochongoka, bati nene, na kina cha zaidi ya mita 10 chini ya maji. Meli za starehe ni pana na ndefu kwenda juu kama jengo la Kampala Road, upepo huzishika ubavuni. Kwa Karibi, ambako bahari mara nyingi ni tulivu, haina neno. Kwa Atlantiki ya Kaskazini mwezi Novemba, chagua umbo kwanza.

Rubaga_Juu

Hesabu nimeikubali, nimeshindwa kihalali. Lakini kwa watoto bado meli kubwa.

SitahaYaTisa

Kwa watoto, ndiyo. Lakini angalia pia bandari. Meli kubwa haziingii kila mahali. Santorini, kwa mfano, meli husimama mbali na watu hushushwa kwa boti ndogo. Abiria 5,000 kwa boti za watu mia moja na kitu ni asubuhi nzima. Ukiona kwenye ratiba bandari ya boti, chukua namba ya foleni mapema sana au subiri saa nne msongamano uishe. Kwenda kati ya nyakati hizo mbili ndiko kubaya.

Kigegezi

Jamani, na wale ambao tumbo linageuka hata kwenye takisi ya kwenda Fort Portal? Kuna tiba au wabaki Kololo?

Dawa_na_Duka

Ndugu Kigegezi, kigegezi hutokea pale sikio la ndani linaposema unasogea huku macho, yakitazama ukuta wa chumba, yakisema umetulia. Kwa hiyo hatua ya kwanza haina dawa: toka nje, simama katikati ya meli, tazama mstari wa upeo wa macho. Usisome, usitazame simu. Kulala chali macho yamefungwa pia husaidia.

Dawa lazima itangulie. Ukisubiri mpaka utapike, kidonge kitatoka nacho. Sinarizini kwa mtu mzima: miligramu 30 saa mbili kabla ya safari, kisha 15 kila baada ya saa nane ikihitajika. Promethazini miligramu 25 usiku wa kuamkia safari hufanya kazi vizuri, lakini inalaza. Usiichanganye na pombe wala usiendeshe gari. Zote mbili zinapatikana kwenye maduka ya dawa ya kwetu. Wajawazito, watoto, na wenye presha ya jicho waongee na mfamasia kwanza, wasisome dozi hapa.

Chakula: kidogo kidogo, kikavu. Tumbo tupu ni baya kuliko tumbo lililoshiba kiasi. Chapati kavu ni bora kuliko roleksi (chapati iliyokunjwa na mayai) yenye mafuta, mnisamehe.

Jambo jingine la tumbo ambalo halihusu mawimbi: norovirusi. Hupenda meli kwa sababu watu wanashika koleo moja la bufee. Jeli ya pombe ya kupaka mikononi haiiui vizuri. Maji na sabuni, sekunde 20, kila kabla ya kula. Mnaowapita wale wahudumu wenye chupa ya jeli mlangoni mkidhani mmemaliza kazi, hamjamaliza.

Mlimani_Fundi

Niongeze la umeme, kwa sababu Waganda hukwama hapa. Plagi yetu ni ya miguu mitatu bapa kama ya Uingereza. Meli nyingi zina soketi za aina mbili: ya Kimarekani ya volti 110, na ya Ulaya ya mashimo mawili ya duara, volti 220. Zetu haziingii kwenye yoyote kati ya hizo. Meli za P&O Cruises na Cunard zina soketi za Kiingereza, huko hutaabiki. Kwingine beba adapta mbili za Ulaya, zile rahisi za mjini Kampala zinatosha, na chaja ya USB yenye matundu manne, kwa sababu chumba cha zamani kinaweza kuwa na soketi mbili tu, zote mezani.

Usibebe ekstensheni yenye kinga ya umeme. Itachukuliwa kwenye ukaguzi wa mizigo na utarudishiwa siku ya kushuka. Si ukorofi wa walinzi. Umeme wa meli hautegemei ardhi kama wa nyumbani, nyaya zote mbili zina moto, na kinga hiyo ikifanya kazi yake inaweza kupata moto na kuwaka. Pasi na birika la umeme pia huzuiwa karibu kila mahali. Shati lining'inize bafuni wakati wa kuoga maji ya moto.

Kuta za vyumba ni za bati. Kulabu za sumaku, nne au tano, hushika kofia, mikoba na nguo mbichi. Ni kitu kidogo kinachookoa nafasi kuliko sanduku la bei. Na choo ni cha kuvuta kwa hewa: funga kifuniko kabla ya kubonyeza, na usitie chochote zaidi ya karatasi yao. Bomba moja huhudumia vyumba kadhaa, kwa hiyo kitambaa kimoja cha mtoto kinaweza kuwanyima choo majirani wote wa upande wako.

Nnyabo_wa_Jinja

Kulabu za sumaku! Banange, hilo halipo kwenye brosha yoyote.

Pasipoti_Mkononi

Karatasi sasa. Hapa ndipo safari hufa kabla ya gati.

Njia ya Mediterania ikianzia Barcelona, ikapita Uturuki, ikarudi Italia, umetoka Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) na kuingia tena. Viza ya kuingia mara moja haitoshi, omba ya mara nyingi, na uambatanishe ratiba ya meli yenye tarehe na bandari. Njia ya Karibi ikianzia Miami ni hivyo hivyo: viza ya Marekani lazima ikuruhusu kurudi. Mkisoma kwenye mabaraza ya Wamarekani kwamba "safari ya kwenda na kurudi haihitaji pasipoti", hiyo ni kwa raia wao peke yao. Wewe pasipoti yako iwe na miezi sita mbele ya siku ya kushuka. Angalia kila bandari iliyoorodheshwa, hata ile usiyokusudia kushuka, kwa sababu kampuni inaweza kukukatalia kupanda kama huna viza ya mojawapo.

Kadi ya homa ya manjano: Uganda ipo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo. Chanjo huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kadi hutambulika maisha yote. Ibebe kwenye mkoba wa mkononi. Sanduku kubwa utaliona tena jioni tu, likiwekwa mlangoni pa chumba chako. Kwa sababu hiyo hiyo weka dawa na nguo za kubadili mkononi.

Fika mji wa bandari siku moja kabla. Ndege ya kutoka Entebbe ikichelewa kwenye kuunganisha, meli haikusubiri.

Bugala_Beach

Wazee, mnasahau ziwa letu. Si kila mtu ana dola za Miami. Meli ya Nakiwogo, hapo Entebbe, hadi Lutoboka, visiwa vya Ssese, MV Kalangala, ratiba iliyozoeleka ni kuondoka Nakiwogo saa nane mchana na kurudi kutoka Lutoboka saa mbili asubuhi, mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Uliza kwanza kama inatembea wiki hiyo, matengenezo huisimamisha. Kaa upande wa kushoto safari zote mbili, ya kwenda na ya kurudi. Mchana meli inaelekea kusini na jua liko magharibi, yaani kulia kwako. Asubuhi inarudi kaskazini na jua liko mashariki, kulia tena. Wageni wengi hugeuza upande wakati wa kurudi, wakaungua.

Ikiwa meli haipo, kuna feri ya Bukakata kwenda Luuku, haina nauli, lakini foleni ya magari mwisho wa wiki ni ndefu.

Ngamani

Bugala umetukumbusha vizuri. Kwa anayetaka kulala chumbani juu ya maji yetu, basi la kupitia Mutukula hadi Bukoba, kisha meli ya usiku kwenda Mwanza. MV Victoria, ya mwaka 1961, ilikarabatiwa ikarudi kazini 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, abiria 1,200. Kanuni ni zile zile: chumba cha kitanda badala ya kiti, mbali na injini, mbali na mahali wanapopakia mizigo. Ndizi hupakiwa usiku na wapakiaji hawanong'oni.

Ziwa lisidharauliwe kwa kuwa halina chumvi. Dhoruba za Victoria hupenda usiku na alfajiri, hewa ya baridi kutoka nchi kavu inapokutana juu ya maji ya vuguvugu. Mawimbi yake ni mafupi na ya karibu karibu, hugonga kuliko ya bahari.

Paraa_Kushoto

Na boti ya Murchison kwenye mto Naili, kutoka Paraa hadi chini ya maporomoko, kama kilomita 17 kupanda mto, saa tatu kwenda na kurudi. Wakati wa kupanda, kaa kushoto, ndio upande wa ukingo wa kaskazini. Sitaha ya juu ni nzuri kwa picha, ya chini ni nzuri kwa viboko, maana unawatazama usawa wa macho.

Pasipoti_Mkononi

Kabla hatujahama ziwani: jaketi la kuokolea. Boti ya starehe iliyozama Mukono Novemba 2018 iliua watu zaidi ya 30, ilikuwa imezidisha watu. Boti ikiwa na watu wengi kuliko majaketi, shuka. Hata kama umeshalipa. Hata kama muziki umeshaanza.

Kwenye meli kubwa, zoezi la dharura ni la lazima kabla ya kuondoka au mara tu baada ya kuondoka. Sheria ilikazwa baada ya ajali ya meli Costa Concordia, Januari 2012, watu 32 walikufa, na waliopanda Civitavecchia jioni hiyo walikuwa bado hawajafanya zoezi. Ishara ni milio saba mifupi na mmoja mrefu. Siku ya kwanza tembea kwa miguu kutoka chumbani hadi kituo chako cha kukusanyika, bila lifti, ukihesabu milango. Kwenye moshi utahesabu kwa mkono.

Msafiri_Mmoja

Kwa sisi tunaosafiri peke yetu bei ikoje? Na bakshishi?

SitahaYaTisa

Bei zilizoandikwa ni za mtu mmoja kati ya wawili. Ukiwa peke yako mara nyingi unalipa za wawili. Njia ya kuepuka ni vyumba vya mmoja. Norwegian Epic ilitoka 2010 ikiwa na 128 vya aina hiyo, vya mita za mraba 9 na kitu, bila dirisha la nje, pamoja na sebule yao wenyewe. Huisha haraka, nunua mapema sana.

Bakshishi kwenye kampuni za Kimarekani hukatwa kila siku kwenye akaunti yako, dola 16 hadi 20 kwa mtu, mtoto naye anahesabiwa. Watu wawili siku saba, weka pembeni zaidi ya dola 220. Ndiyo tofauti kati ya bei ya tangazo na bei ya kweli, pamoja na intaneti na vinywaji.

Kuna pia tikiti ya "chumba chochote cha aina hii": unalipa kidogo, kampuni inakuchagulia. Kwa mtu wa kigegezi, au mwenye usingizi mwepesi, usithubutu. Watakupa kile ambacho wote waliosoma uzi huu wamekikataa.

Kigegezi

Na nambari ya chumba inaniambia nini kabla sijafungua ramani?

Ngamani

Kwenye meli nyingi tarakimu za mwanzo ni sitaha, zinazofuata huhesabiwa kutoka omo kwenda tezi. Kwa hiyo 8010 ni sitaha ya nane, karibu na omo; 8350 inaelekea tezi. Chukua nambari ya kwanza na ya mwisho ya sitaha hiyo, tafuta iliyo katikati, ndipo uanze kubishana na wakala. Kwako wewe: sitaha ya chini kabisa yenye vyumba vya abiria, katikati, dirisha dogo. Hakina mbwembwe, na kwa kawaida ni cha bei nafuu kuliko roshani ya juu wanayogombania wengine.

Nnyabo_wa_Jinja

Ya kusini vipi, Mombasa hadi Zanzibar na Shelisheli? Mwezi gani?

Bugala_Beach

Kaskazi, Desemba hadi Machi. Ndio wakati meli za watalii hutembelea pwani yetu. Kusi ikishika, Juni hadi Agosti, bahari huchafuka. Kutoka Kampala mpaka gati la Mombasa, panga siku mbili za barabara na reli.